Nilivyosimama Kanisani Kuzuia Ndoa ya Mdogo Wangu

Mpaka leo nikiingia kanisani kwetu nakaa benchi la mwisho, na Padre akifika kwenye matangazo ya ndoa nainama kama nimedondosha kitu, maana najua watu wanageuka kuniangalia na kucheka, na wana haki ya kucheka, jamani, ile aibu niliitafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu Deusi alikuwa anamuoa Imelda, binti wa kijiji cha jirani, msichana mpole kweli, na mimi dada mkubwa (nina duka la stesheneri Sumbawanga mjini, kwa hiyo chochote chenye karatasi najiona bingwa) nikaamua zawadi yangu iwe mti wa ukoo wetu, nimeuchapisha na kuutia fremu. Nikaenda parokiani kuomba kitabu cha zamani cha ubatizo. Katibu, Mzee Ladislaus, akanitolea, mwandiko wa mapadre wazungu, akasema, "Mwanangu, anzia ukurasa wa kwanza nikuelekeze." Nikamjibu, "Usijali mzee, vitabu ndiyo kazi yangu."

Nikaruka moja kwa moja hadi kwa babu. Mstari wake ulikuwa na majina manne: Petro, Katepa, Agata, Yohani. Haya, babu ni Petro Katepa, mama yake Agata, baba yake Yohani! Babu alikufa baba yetu akiwa mdogo, hakuna aliyewahi kujua baba wa babu ni nani, nikapiga picha kwa simu huku machozi yananilenga. Nikashuka mstari wa pili, mtoto mwingine, mama Klara, mwisho Yohani. Mstari wa tatu, mama Monika, mwisho Yohani. Nikacheka peke yangu, kumbe tumetoka kwa mzee wa wake wengi! Kicheko kilikatika nilipofika kwa Anselmo, babu yake Imelda, na mwisho wa mstari nikamkuta Yohani yule yule. (Mtu mwenye akili angemuuliza Mzee Ladislaus, aliyekuwa pale pale anakunywa chai. Mimi nilifunga kitabu nikaaga.)

Jumapili ilikuwa tangazo la tatu na la mwisho. Wajomba wa Imelda walishapanda kutoka Mtowisa, kule bondeni kwenye joto, na magunia ya mchele wa harusi, wamejikunyata benchi la mbele kwa baridi yetu. Naapa nilipanga kumwona Padre faragha baada ya misa, lakini aliposoma majina na kusema mwenye kujua kizuizi anawajibika kukisema, miguu ikasimama yenyewe, nikasikia sauti yangu, "Kipo, Padre! Hawa ni ndugu! Babu zao ni wa baba mmoja, mzee Yohani, alikuwa na wake wengi, nimesoma kitabuni!"

Weee! Imelda alimwangalia Deusi, akajifunika kitenge usoni akaanza kulia kwa kwikwi, na mjomba mmoja akasema kwa sauti, "Basi mchele unarudi Mtowisa."

Baada ya misa tukaingia ofisini kwa Padre, na nusu ya kanisa ikabanana dirishani. Bibi yake Imelda, mjane wa Anselmo, alikuja na fimbo yake akasimama mbele yangu.

"Shikamoo bibi."

"Sitaki shikamoo yako. Mama mkwe wangu umempa mume mwingine mbele ya altare!"

Mzee Ladislaus akafungua kitabu, polepole, ukurasa wa kwanza, ule ule nilioukataa. Vichwa vya safu vilikuwa huko tu, na yeye mwenyewe alishaviandika Kiswahili kwa penseli. Akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma: mtoto, baba, mama, msimamizi.

"Yohani alikuwa katekista wa kwanza huku," akasema. "Watoto wote wa kiume aliwasimamia yeye ubatizo. Hata baba yangu. Sasa na mimi ni baba yako mdogo, au vipi?"

Dirishani watu walivunjika mbavu. Padre alijitahidi, akashindwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Na baba wa babu yako ni huyu," mzee akaweka kidole kwenye Katepa. "Hakubatizwa, ana jina lake la kienyeji tu. Ulimtafuta, ukampita."

Hapo ndipo nilipolia sasa. Nikapiga magoti kwa bibi, akaniacha hapo chini muda mrefu kweli, kisha akasema, "Inuka, ukapike huo mchele." Nikapika wote, Jumamosi ya harusi, macho yamevimba kwa moshi, na fremu ikatundikwa ukumbini, Katepa juu kabisa.

Niliapa sitasimama tena kanisani peke yangu, na nilitimiza mpaka juzi, Imelda alipojifungua mtoto wa kike akanichagua mimi nimsimamie ubatizo. Sikuamini. Mzee Ladislaus alipofika safu ya nne akaandika jina langu, akaniangalia juu ya miwani.

"Niandike na neno msimamizi pembeni?"

Nikamwambia, "Andika mzee, tena kwa herufi kubwa, maana kwenye ukoo huu siku moja atakuja mwingine na simu yake."