Tatu Juu ya Nane

Majuzi nilirudi Ruiru kwa mazishi ya jirani wetu wa zamani. Pale palipokuwa na kijiji chetu sasa ni nyumba za kupangisha, na kwenye ngazi ya mojawapo mtoto wa shule alikuwa akisoma kwa sauti: badilisha desimali hizi ziwe sehemu, kisha uzirahisishe. Rafiki yangu, nilisimama pale kumsikiliza.

Nilikuwa darasa la nne, wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Baba alikuwa kizuizini. Sisi tulikuwa tumehamishwa kwa nguvu na kusongamanishwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, kando ya shamba la kahawa la mzungu. Kulipokucha ilikuwa moshi wa kuni mbichi, harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza, na filimbi ya kuwaita akina mama kuchimba handaki kwa lazima.

Shuleni ndiko nilikopumua. Mwalimu alituambia, “Hesabu tarakimu baada ya nukta. Ikiwa moja, chini andika kumi. Mbili, mia. Tatu, elfu. Halafu punguza juu na chini mpaka ikatae.” Mpaka ikatae! Nilipunguza nikichota maji, nilipunguza nikichagua maharagwe ya kupika na mahindi kwa githeri. Nukta saba tano: sabini na tano juu ya mia, kumi na tano juu ya ishirini, robo tatu. Nyanya alisikia nikinong’ona, akadhani naomba, akaitikia, “Amina.”

Mtihani wa kuingia darasa la tano ulifanyiwa Thika. Asubuhi hiyo mama alikuwa na homa, hawezi kusimama. Langoni, nikiwa na mwalimu na wenzangu wa darasa, mkuu wa walinzi wa kijiji akanizuia.

“Mama yako yuko wapi?”

“Ni mgonjwa.”

“Basi wewe utachukua jembe lake.”

Mwalimu akavua kofia. “Mzee, tafadhali. Huyu ana mtihani. Ndiye ninayemtegemea.”

“Hao wengine nenda nao, kabla sijabadilisha nia.”

Wakaenda. Nilichimba nikiwa na sare ya shule, ile aliyoifua mama jana yake akitetemeka kwa homa.

Jioni mwalimu alikuja kwetu. Nyanya akampa uji, hakuugusa. “Kuna swali lililowashinda wenzako wote,” akaniambia. “Sifuri nukta tatu saba tano.”

“Mia tatu sabini na tano juu ya elfu,” nikasema. “Gawa kwa mia moja ishirini na tano. Tatu juu ya nane.”

Alitikisa kichwa kukubali. Akasema alikuwa amewaomba wakubwa wa elimu wanipe nafasi ya kufanya mtihani siku nyingine, wakakataa. Muhula uliofuata alihamishwa, nami, kwa kukosa mtihani, nikaambiwa nina mikono mikubwa ya kutosha kuchuma kahawa. Mvulana niliyekuwa nikimwelekeza hesabu darasani akaja kuwa karani wa mizani pale shambani. Alipopima debe langu hakunitazama usoni.

Baba alipoachiliwa, amekonda, mgeni kwetu sote, aliniuliza niko darasa gani.

“Niliacha,” nikasema.

“Kwa nini? Uvivu?”

Mama alitoka nje. Mimi nikanyamaza, maana nilimwona mtu aliyechoka, nikajiambia nitamweleza siku nyingine. Siku hiyo haikufika. Baba alikufa akiamini hivyo, na mama na nyanya nao wameshakwenda. Handaki lilifukiwa zamani. Niliwauliza vijana pale mazishini lilipita wapi, wakanitazama kwa adabu, wakasema hawajawahi kulisikia.