Vyura Walionyweshwa Lamboni

Katikati ya miaka ya tisini kijiji chetu, upande wa Kishapu, kilipata msaada wa kufukua lambo. Tope lilikuwa limejaa humo kiasi kwamba mvua zikiisha, ng'ombe walikunywa miezi miwili mitatu, halafu basi. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya lambo. Elimu yangu ni darasa la saba. Nadhani walinichagua kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Msaada ulikuja na kibali, na kibali kilikuja na masharti. Afisa mazingira wa mradi alitusomea mbele ya ofisi ya kijiji. Ndani ya lile tope, alisema, wamelala vyura wakubwa wa aina inayolindwa. Kiangazi hujifukia, hujifunika kwa ngozi kavu na kusubiri mvua. Kwa hiyo trekta hapana. Tufukue kwa majembe, na chura akionekana atolewe pamoja na bonge lake la udongo, lisivunjwe, awekwe kwenye shimo lenye kivuli pembeni. Katibu aandike kila siku kwenye daftari la mradi. Wakifa, kazi isimame mpaka yeye aje aone.

"Kule Geita tumechimba mpaka chini ya ardhi," alisema kijana mmoja aliyerudi kutoka machimboni, "hakuna aliyetuuliza habari za chura."

"Ndiyo maana umerudi unakohoa," shemeji yangu akamjibu. Watu walicheka. Afisa naye alicheka.

Huyo shemeji alikuwa mjane wa kaka yangu. Alikuwa na ng'ombe watatu na ndama mmoja, na maziwa yao ndiyo yaliyomweka nyumbani kwake. Lambo lisipofukuliwa lote kabla ya mvua, ingembidi awapeleke kwa kaka zake, mwendo wa siku mbili, na ng'ombe wakishazoea zizi la mwingine, kuwarudisha ni maneno. Alilijua hilo, na mimi nililijua. Hakukosa zamu hata moja.

Kazi ilikwenda vizuri. Tulijifunza kuwatambua vyura: unaliona bonge kama udongo mwingine, ukilinyanyua ni zito. Tuliyabeba kwenye karai, taratibu, kama mayai.

Siku moja, jua likiwa kali mchana, shemeji alikuja na ndoo ya maji ya kunywa wachimbaji. Alipita kwenye shimo la vyura akasimama.

"Shemeji, njoo uone. Hawa wamekauka mpaka ngozi imekuwa kama karatasi. Tunakunywa sisi, wao tunawatazama?"

Nilitazama. Masharti hayakutaja maji. Tena, nisidanganye, niliona ni jambo la huruma. Akamimina ndoo nzima, na watu wakachelewa kunywa kwa sababu hiyo, hakuna aliyelalamika.

Alasiri tukasikia kunguru. Vyura walikuwa wameamka. Maji yale waliyadhani ni mvua. Walikuwa wamechana ngozi zao, wakapanda kutoka shimoni, wakatawanyika kwenye ardhi ya moto wakitafuta lambo lililojaa. Tuliwahi wachache. Kumi na mmoja walikufa.

Tukakaa chini nikafungua daftari. Yule wa machimboni akasema, "Katibu, andika wamekufa kwa uzee." Mwingine akaniuliza kama kalamu yangu bado ina wino. Shemeji alikuwa anafuta tope kwenye jembe lake.

Niliandika, kisha nikasoma kwa sauti kama ilivyokuwa desturi yetu kila jioni: vyura kumi na mmoja wamekufa, sababu ni kwamba mtu aliwamwagia maji.

"Mtu gani?" shemeji akauliza.

"Mtu tu."

"Hapana. Ukisema mtu tu, watasema ni huyu mwenye kikohozi. Andika ni mimi niliyewanywesha."

Nikaandika. Chini yake nikaongeza kwamba katibu alikuwepo na hakukataza.

Kazi ikasimama. Barua ya kumwita afisa ilichelewa, au gari lilikosa mafuta, sikupata kujua. Afisa alipofika, mvua ilikuwa imeshatangulia, na nusu ya lambo ilikuwa bado na tope lake. Hakutufokea. Alisema kosa ni lake pia, hakutueleza habari ya maji, na akaliandika hilo kwa mkono wake. Kibali kikaongezwa mpaka kiangazi kingine.

Maji yaliisha mwezi wa saba. Asubuhi moja shemeji alisimama nje ya ua wangu, kibuyu begani, ng'ombe wake wakiwa nyuma yake.

"Mwangaluka, shemeji," akanisalimu.

"Mwangaluka. Ndiyo unawapeleka?"

"Nawapeleka. Lete lile daftari."

Nililileta. Aliniambia nimwonyeshe safu ya vyura waliokufa. Hajui kusoma, lakini aliitazama kwa makini, akaweka kidole.

"Na safu ya ng'ombe walioondoka iko wapi?"

Nikamwambia haipo. Kurasa zilitoka kwa mradi zikiwa zimechorwa tayari.

"Basi chora."

Sikuwa na rula. Nilitumia ukingo wa kasha la kiberiti, mstari ukapinda. Nikaandika: ng'ombe watatu, ndama mmoja. Akaniomba nimsomee, nikamsomea, akawaswaga ng'ombe wake.

Afisa alipokagua daftari kiangazi hicho, alifika kwenye ule mstari uliopinda, akasoma kilichoandikwa. Kisha akapiga mhuri chini ya ukurasa, kama kurasa nyingine.