Masuke ya Timutimu

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, watu wanamwita Macho. Si kwa ukubwa wa macho yake, ni kwa kazi yake. Aliporudi kwao baada ya kuachika, na furushi moja na mdomo mkali, mavyaa wangu hakumuuliza neno. Alichana kitambaa chekundu vipande vipande, akampa mwanawe: "Hii ndiyo ndoa yako sasa." Akamkabidhi kazi ya kuchagua mbegu ya mtama.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtama ukikaribia kukomaa, mchagua mbegu huingia shambani peke yake, akatembea mstari kwa mstari. Bua linalomridhisha hulifunga kitambaa, na lililofungwa haliguswi na mtu. Baadaye masuke yake hukatwa, yakatundikwa uchagani juu ya jiko, yakala moshi mpaka msimu mwingine.

Masuke yetu yalikuwa ya namna mbili. La kwanza tuliliita ngumi: nene, zito, limefumbata, punje zimebanana. La pili ni timutimu: vitawi virefu vimetawanyika kama nywele za mtu aliyetoka kugombana. Amri ya mavyaa ilikuwa moja tu. Katika kila kumi, saba ngumi, tatu timutimu. Ukimuuliza sababu, anasema ndivyo alivyokuta. Akafa na jibu hilohilo.

Mimi timutimu sikuyataka. Shamba letu liko kando ya njia, kila apitaye anaona.

"Wifi, haya masuke yako hayajui chanuo," nilimwambia.

"Kwani kichwa chako wewe kinalijua?"

Tukacheka. Lakini kutundika uchagani ilikuwa kazi yangu, maana jiko lilikuwa langu, na hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Yale ya timutimu niliyapura, nikayasaga, nikayapika uji. Mahali pake nikatundika ngumi. Nilijiambia ni mwaka huu tu. Nikafanya miaka tisa.

Shamba likapendeza, nani atabisha? Ngumi tupu, zimelingana kama zilizopimwa kwa kamba. Wapita njia walisimama kusifu, nami nilitoka mlangoni ili nisifiwe pamoja nalo. Macho peke yake hakufurahi. Zamani aliingia shambani asubuhi, adhuhuri ametoka. Ikawa anatoka jua likishuka, na vitambaa vingine bado viko mkononi.

"Wifi, timutimu zinanikimbia," alisema. "Nadhani macho yanakwenda."

"Uzee huo," nikamjibu, huku nakoroga uji.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Zamani upepo ukipita, shamba letu lilivuma, shiii, kama watu wananong'onezana. Mwaka baada ya mwaka ule mnong'ono ulipungua. Mwishowe upepo ulipopita zilisikika ngumi tu zikigongana, tok, tok. Nilizisikia nikiwa jikoni. Nikawa nafunga mlango nisizisikie.

Mwaka wa tisa alitujia mtaalamu wa kilimo, binti mwenye rula na daftari. Alipima urefu wa bua, akapima jani linavyoinama, kisha akajaribu kupenyeza kidole katikati ya suke. Hakikuingia.

"Mama zangu, nyumba hii imejengwa bila madirisha," alisema.

"Sisi hatujengi, tunapanda," nilimkata.

Hakukasirika. Alituambia kwamba ndani ya punje mna vinasaba, maagizo ambayo mmea umerithi kwa wazazi wake: bua lirefuke kiasi gani, jani lisimame au lilale, suke litoe vitawi virefu au vifupi. Akasema ni kama pua ya ukoo. Hapo nilimwelewa, kwa kuwa pua ya mume wangu wanangu wote wanayo, na hakuna aliyeiomba.

"Mkipanda ngumi peke yake, mnafuta maagizo ya kutawanyika," alisema. "Mwaka wa kawaida hamtaona kitu. Ila mvua ikinyesha mtama umeshakomaa, maji yakiingia humu hayatoki."

Macho akasema, "Mwanangu, mimi nafunga tatu katika kumi tangu mama yako hajazaliwa."

"Basi zimekwenda wapi, mama?"

Macho akatazama vidole vyake. Mimi nikatazama njia.

Mvua ilikuja majuma mawili baadaye, wakati usio wake. Ilinyesha siku sita. Siku ya saba Macho aliingia jikoni na masuke matatu, akaliweka moja mezani, akalipasua kwa kisu. Kwa nje lilikuwa zuri la kupelekwa maonyeshoni. Ndani lilikuwa na joto kama kwapa la mwenye homa, limejaa kuvu jeusi, na punje nyingine zimeota mizizi humohumo. Akapasua la pili. Akapasua la tatu. Uchagani kulikuwa kutupu, mbegu yote tulikuwa tumeipanda.

"Mbegu ya mama imefia mkononi mwangu," alisema. "Nimepofuka, nami najidai naona."

Akakusanya vitambaa vyake vyekundu, akanyoosha mkono kuelekea motoni.

Ningeweza kunyamaza. Nimeshanyamazia makubwa kuliko hayo. Lakini nilimshika mkono.

"Hukupofuka, wifi. Timutimu zako niliziondoa mimi. Nilizisaga."

"Ukazifanya nini?"

"Uji."

Alinitazama, na Mungu ni shahidi, macho yale hayakuwa na kasoro. "Miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na mimi nikausifu," alisema. "Kila asubuhi nikausifu."

Siku nne hakunisemesha. Siku hizo alikaa barazani akipasua masuke ya shamba zima, moja moja, mpaka akapata kibaba kimoja cha punje safi. Yule binti aliporudi kuona hasara, Macho alimuuliza kama maagizo yaliyofutwa huwa yamekufa kabisa. Binti akasema mengine hulala. Huenda ndani ya ngumi mojawapo mkawa na timutimu iliyolala, nayo ikaamka kwa watoto au kwa wajukuu. Huenda. Hakuapa.

Kile kibaba tulikipanda karibu na nyumba. Mvua ile ilimwachia Macho kifua, na sasa hatoki kitandani. Kitanda tumekisogeza dirishani. Vitambaa amenipa mimi.

"Macho ninayo," alisema, "miguu ndiyo sina. Nenda wewe, na usipike kitu."

Kila asubuhi naingia, nafunua ala za majani kwa kidole, natazama suke linachungulia na umbo gani. Yaliyokwisha kutoka ni mengi kuliko yaliyobaki, na yote ni ngumi. Yamebaki kumi na moja ndani ya ala. Mawingu yamerudi mapema tena, mazito, yamelala juu ya paa.

"Vipi?" ananiuliza kutoka dirishani.

"Bado kumi na moja."

Leo, nilipokuwa namjibu, upepo ulipita. Nilisimama na kitambaa mkononi nikatega sikio, naye nikamwona ameinua kichwa kwenye mto, ametega lake.

Tok, tok. Tok.

Akakirudisha kichwa polepole. "Funga mlango wa jiko, nimezisikia vya kutosha," alisema. "Uendelee kutazama."