Hatua za Mjomba

Mjomba aliuza shamba la mama la Bigwa wakati mama amelazwa hospitali. Alilipima kwa miguu, mikono nyuma, akihesabu hatua kwa sauti. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama na mjomba ndiye msemaji, kwa hiyo hakuna aliyemzuia. Mama alirudi akakuta migomba yake imezungushiwa uzio. Hakumaliza mwaka. Niliapa kumlipizia kisasi, na silaha yangu ilikuwa moja tu: naandika tamthilia za televisheni.

Kwanza niliandika ya majonzi. Kwenye mazoezi, mwigizaji aliyemcheza mjomba alikuwa hodari mno. Alipopiga magoti kaburini kuomba radhi, bosi wangu alitoa leso. "Mzee wa watu anatia huruma," alisema. Nilikasirika. Yaani nimpe mjomba machozi ya nchi nzima? Nikaichana.

Ndipo nilipokumbuka msiba wa mama. Mjomba alikuwa akilia kutushinda sisi wanawe. Mtani wetu, mama mmoja wa Kinyamwezi, akainuka, akakaza kanga kiunoni, akaweka mikono nyuma na kuanza kupima ua. "Moja, mbili, tatu. Sogezeni jeneza, hapa pameshapata mteja." Waombolezaji wakaangua kicheko. Mjomba alinyamaza papo hapo. Mtani hakasirikiwi msibani. Ukinuna, unajiaibisha mwenyewe.

Nikamwambia bosi nahamia vichekesho. Akasema napoteza kipaji. Nikaandika mzee anayepima kila anapokanyaga: harusini, wodini, hata uwanja wa mpira mechi ikiendelea. Toba sikumpa hata kipindi kimoja. Morogoro nzima ikamtambua kabla ya kipindi cha tatu.

Mwaka jana nilikwenda Bigwa kwenye msiba wa jirani. Mjomba alikuwa amekaa jamvini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama pembeni. Chakula kilipoletwa akainuka kwenda kunawa. Alipokanyaga hatua ya kwanza, mzee mmoja akasema taratibu, "Moja." Jirani yake akapokea, "Mbili." Ya nne ilihesabiwa na jamvi zima. Mjomba akageuka, akarudi kukaa bila kunawa, na wali hakuugusa.

Baadaye alinivuta kando, akaniuliza:

"Mjomba, kwani hukuweza kuniandika hata nikilia?"

"Niliandika, mjomba. Nikaichana."

Nakiri moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Alibaki jamvini mpaka watu wote walipotawanyika, ndipo akathubutu kuinuka kwenda kwake. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye uzio wa shamba la mama. Nilimhesabia kwa sauti mpaka mlangoni.