Kofia Nilizozikana Malaba

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, si ile niliyooa wala ile niliyokabidhiwa lori langu la kwanza. Ni Jumatano moja pale Malaba, kwenye foleni ya malori, siku niliyoikana kazi ya mikono yangu mbele ya wanaume wenzangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Leo magoti yamekataa ngazi ya lori, nakaa hapa Burumba nikiwatazama watu wakienda na kurudi mpakani, na bado nikiikumbuka siku hiyo uso huniwaka moto.

Enzi zile foleni ya Malaba ilikuwa kama kijiji. Unafika na mzigo wako kutoka Mombasa, unazima injini, na unaweza kukaa siku tatu ukisogea hatua kumi. Madereva walicheza karata, wengine walilala, wengine walikunywa mpaka wakasahau wanakokwenda. Mimi pombe haikunipenda. Nilikuwa nakula kwenye kibanda cha mama mmoja Mteso, na pale nyuma ya jiko alikaa dada yake mkubwa, Mama Amoit, mkunga aliyestaafu, akifuma kutwa nzima kwa sindano mbili ndefu na uzi wa sufu.

Siku moja aliniona nikigonga meza kwa vidole.

"Wewe dereva, hiyo mikono inakuwasha," akaniambia. "Kuja hapa, shika."

Nikashika kwa mzaha tu. Kofia yangu ya kwanza ilitoka kama kifuko cha tumbaku, akacheka hadi machozi, kisha akaifumua yote na kunirudishia uzi. Ya pili ikafanana na kofia. Ya tatu nikaipenda, nisikufiche. Nilikuwa nimeendesha magari miaka kadhaa nikibeba saruji, mafuta na mchele wa watu wengine. Sikuwa nimewahi kushika kitu nikasema, hiki hakikuwepo, nimekileta mimi.

Mama Amoit alinieleza kazi ya zile kofia. Zilikuwa za watoto wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Mtoto wa namna hiyo, alisema, kichwa chake ni kama ngumi yako, na joto lake lote hutorokea hapo. Yeye alifuma na kupeleka bure kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Angurai. Lakini macho yalikuwa yanafifia na hakuweza tena kufikisha idadi iliyohitajika. Nikamwambia safari ijayo nitamletea kofia kumi na mbili.

Nilizifuma kweli. Nilifuma nikingoja lori lipimwe kwenye mizani ya Mariakani, nikafuma Salgaa wenzangu wakila nyama, nikafuma nimejifungia ndani ya lori na pazia nimeshusha. Ona basi, hapo ndipo kosa lilipoanza. Kitu chema nilikifanya kama mwizi.

Tukafika Malaba Jumatano hiyo. Kulikuwa na dereva mmoja mkubwa, Wafula, mtu wa sauti nene, ambaye foleni nzima ilicheka akicheka na kununa akinuna. Alifungua mlango wa lori langu kutafuta spana, akatoka na mfuko wangu. Akavisha kofia moja kwenye ngumi yake, akaiinua juu.

"Jameni, kuna mwanamke kwa hii foleni! Hii ni ya nani?"

Watu wakaja. Mwanangu, nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Nikasema mengine.

"Si yangu. Kuna mama nilimpa lifti, akasahau."

"Kama haina mwenyewe, basi tumepata matambara," akasema Wafula. Akafungua boneti, akapangusa kijiti cha kupimia oili kwa kofia ya njano. Akawagawia wengine. Zote kumi na mbili ziliishia kwenye grisi. Nami nilicheka pamoja nao. Kofia zile ningeweza kuzifuma tena. Kicheko kile sikuweza kukirudisha mdomoni, na ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Kesho yake asubuhi Mama Amoit alikuja mwenyewe hadi kwenye lori, amebeba kikapu, anahema. Pacha walikuwa wamezaliwa alfajiri, miezi saba tu. Alikuwa anazitaka kofia.

"Uzi uliisha, mama," nikasema.

Alikuwa anaangalia chini, karibu na gurudumu, ambapo kofia moja ilikuwa imelala kwenye vumbi, nyeusi kwa oili. Akainama kwa taabu, akaiokota, akahesabu mishono yake kwa kidole. Mwalimu anaujua mwandiko wa mwanafunzi wake.

"Twende," akasema.

Nilimwachia jirani yangu wa foleni ufunguo, tukapanda boda boda mbili za baiskeli (pikipiki zilikuwa bado), nikamfuata njia nzima. Kwenye wodi ya kile kituo cha afya palikuwa na msichana wa rika langu anayeitwa Nafula, amewalaza watoto wake kifuani, ngozi kwa ngozi, wadogo kama njiwa. Mmoja alikuwa amefungwa kitambaa cha kichwa cha mama yake. Mwingine alivaa soksi ya baba yake, iliyokatwa na kufungwa fundo juu.

"Mwambie kofia za watoto wake ziko wapi," Mama Amoit akaniambia. "Kwa mdomo wako mwenyewe."

Nilimwambia. Yote, pamoja na kicheko. Nafula alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza polepole, "Kaka, uliwaonea aibu watoto wangu?"

"Hapana, dada."

"Basi uliona aibu ya nini?"

Nilitafuta jibu, mwanangu. Nimelitafuta miaka arobaini na kitu, na bado sijalipata lililo zuri kuliko ile soksi, ambayo baba yao aliikata bila kuona aibu.

Mama Amoit alinipa sindano zake na uzi. Sikutafuta pa kujificha. Nilikaa kwenye benchi la nje, mahali wageni wa wagonjwa wanapopita, nikafuma. Wanaume walinikodolea macho. Akina mama walinong'ona. Kabla ya saa tisa watoto walikuwa na kofia zao mbili. Usinielewe vibaya: kofia peke yake haiokoi mtoto. Kilichowaokoa wale ni kifua cha mama yao, maziwa yake, na wauguzi waliokesha nao. Lakini walitoka pale wakiwa hai, wote wawili, na vichwa vyao vilikuwa na joto.

Nami siku hiyohiyo nikarudi Malaba. Nikapanda juu ya boneti ya lori langu, jua likiwa kali na foleni nzima ikiniona, nikatoa sindano.

Wafula akaja. "He! Kumbe ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Na zile mlizopangusia oili zilikuwa zangu. Jana nilidanganya. Leo sidanganyi."

"Ukiolewa utualike, boss."

Walicheka, mwanangu, walicheka kama wanalipwa. Nikaendelea. Nikaruka mshono, nikaufumua, nikaurudia. Nilikwisha kuona cha kuogopwa kule wodini, na hakikuwa Wafula.

Usitegemee nikuambie kwamba Wafula alikuja baadaye kuniomba kofia ya mjukuu wake. Hakuja. Alistaafu akinicheka. Mwaka mzima nilikula peke yangu, na siku gurudumu liliponipasukia Timboroa walinipita wakipiga honi. Hata kanisani wazee wenzangu waliwahi kuniita wakaniambia, kwa heshima zote, kwamba mambo hayo niyafanyie chumbani. Nikawauliza kama kuna mmoja wao aliyezaliwa bila kichwa. Kikao kikaisha.

Nilifuma nikienda Kampala, nikafuma Kigali, nikafuma Juba joto likiyeyusha lami. Kila mji niliuliza hospitali iko wapi kabla ya kuuliza pa kulala. Sijui watoto ni wangapi. Sikuandika. Lugha za kule nyingi sikuzijua, ila nilipotoa kofia kwenye mfuko hakuna mama aliyehitaji mkalimani.

Siku hizi nafumia mlangoni kwangu, si uani. Vijana wa pikipiki hupita wakipaza sauti, "Mzee, hiyo ni sweta ya nani?" Nawajibu, "Leta kichwa nikupime." Wawili walisimama kweli. Mmoja wao sasa anafuma vizuri kunishinda, na akichekwa, anacheka zaidi yao.

Basi nasaha yangu ni hii, na siipambi. Kama mkono wako umepata kazi njema, ifanye mahali pa wazi. Usiifiche kwa sababu watu wamegawana kazi kuwa hii ya kike na hii ya kiume, hii ya wasomi na hii ya wajinga. Hao watakaokucheka hawamjui anayekusubiri. Wewe unamjua. Na ukishawahi kuikana, kama mimi, usijifungie na aibu yako. Nenda ukaseme kwa mdomo wako, halafu kaa palepale walipokucheka, uanze upya.

Mungu akupe mikono isiyochoka na shingo isiyoinama kwa kicheko. Akupe safari ndefu na milango ya kufunguliwa. Na kila utakayemkinga na baridi, awe hai akuzike ukiwa mzee sana. Amina.