Asali Ilisubiri Mezani

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kuamkia, wanapolazwa watoto waliofanyiwa upasuaji mpaka nusu kaputi iwaishe, nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kupimia mapigo ya moyo. Sista Mkuu, mama mfupi asiyependa maneno mengi, akasimama mbele yake nisiione. "Kwanza mtoto," alisema. Akanifundisha kumlaza ubavu, kumwinua kidevu ulimi usizibe njia ya hewa, na kuweka kiganja puani nisikie pumzi. Ndipo akanipisha.

Ninyi wauguzi vijana mmekuta vifaa vizuri, lakini bibi wa Tabora ni yuleyule. Mmoja wa Itetemia alimleta mjukuu wake, Masanja, apasuliwe ngiri. Nilipogeuka kuchukua shuka, nikamwona bibi amechovya kidole kwenye kichupa cha asali, kidole kinaelekea mdomoni mwa mtoto ambaye usingizi haujamwachia. Mtoto wa hivyo hawezi kumeza. Kitu kikimwingia mapafuni, tunampoteza. Nikamdaka mkono.

"Wewe una watoto?" aliniuliza kwa uchungu. "Huyu hajala tangu jana. Unamnyima hata asali ya babu yake?"

Nilikuwa tayari kumtoa nje. Sista Mkuu akavuta kiti.

"Shikamoo mama. Kaa hapa. Asali tunaiweka mezani, ni yake. Akiweza kumeza maji, utampa mwenyewe. Sasa mwite, sauti yako anaijua kuliko zetu."

Bibi akaita kwa Kinyamwezi, polepole, akimpapasa mguu. Masanja akakohoa, akafumbua macho, akaangua kilio. Kwetu sisi kilio hicho ni raha tupu, maana hewa inapita. Baadaye alikunywa maji, hakutapika, na bibi akachovya kidole chake.

Kiti kile hakikuondolewa tena. Nilihamishiwa Urambo, nikarudi Tabora nikiwa Sista Mkuu, na kila nilipofika nilidai kiti kabla ya kitu kingine. Yule mama mfupi aliyenifundisha namshukuru mpaka leo.

Juzi mjukuu wangu alitolewa mafindofindo. Nikakalishwa kwenye kiti, chupa ya uji mapajani. Mtoto akachezesha midomo, na mkono wangu, mimi mstaafu mzima, ukaenda kwenye kifuniko.

Muuguzi, binti mdogo tu, akaushika taratibu.

"Shikamoo bibi. Bado kidogo. Mwite kwanza."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaweka uji mezani, nikaanza kumwita.