Chupa Niliyoitikisa

Shule niliacha darasa la nne na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo. Kinu changu cha kusagia mbegu za moringa nilikiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu. Nasaga, natia maji, nachuja kwa kitambaa, na kile kinachotoka, cheupe kama maziwa mepesi, kikimwagwa kwenye tangi la maji ya mto kinashika matope na kuyazamisha. Mradi wa maji wa Kalama ulikuwa unachukua mtungi kwangu kila wiki.

Halafu tangi likabaki na rangi ya chai. Mara ya kwanza nikanyamaza. Mara ya pili mwenyekiti wa kamati, mama ambaye nilimwona akibebwa mgongoni akiwa mchanga, akasimama mbele ya watu baada ya ibada akasema, "Mzee anatuletea dawa iliyolala. Anakamua leo, anatuuzia wiki ijayo."

Afadhali angenipiga kofi. Nikamwambia tuende maabara mjini, ikipatikana imelala nitaacha kazi hii na atangaze jina langu popote anapotaka. Akakubali haraka kuliko nilivyopenda.

Siku ya kwenda maabara nilikamua alfajiri, nikajaza chupa moja ya kioo. Njia nzima niliitikisa. Nilipofika mlangoni nikaitikisa tena kwa nguvu, mpaka povu likajaa shingoni. Kwetu uji hautoki kwenye kibuyu bila kutikiswa. Ukimpa mgeni maji ya juu tu, umemnyima, na atajua.

Msichana wa maabara alikuwa amefunga madirisha yote. Joto lilikuwa la kuoka mkate.

"Fungua dirisha, mwanangu, tutakufa humu."

"Vumbi, mzee. Punje moja ikiingia, mashine itaiona ni kama tembo."

Akachukua tone, akalichanganya na maji safi kwenye kichupa cha pembe nne, akakipangusa kwa karatasi laini bila kukishika ubavuni. Akakiweka ndani ya sanduku, akafunga kifuniko. Akanieleza, na nilielewa, msidhani sikuelewa. Ndani kuna mwanga mwekundu mwembamba kama uzi. Protini za moringa, zile zinazoshika matope, zinaelea majini zikitetemeka, na mwanga ukizigonga unatawanyika na kumetameta. Ndogo zinatetemeka upesi, kubwa zinajikokota. Mashine inahesabu ule mmetameto, kisha inasema ukubwa wake.

Tukangoja. Mwenyekiti alikuwa na daftari mapajani, kalamu tayari.

Kwenye skrini kukatokea kilima kidogo upande wa kushoto, upande wa zile ndogo. Moyo ukatulia. Halafu upande wa kulia kikainuka kingine, kirefu, kinene.

"Haya," msichana akasema polepole, "ni mabonge. Protini zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Zikiwa hivi haziwezi kushika matope vizuri."

"Kwa sababu zimelala," mwenyekiti akasema, kalamu ikishuka.

"Mashine yako inadanganya!" nikasema. "Nimekamua leo kabla jogoo hajawika!"

"Kulala kunaleta mabonge," msichana akasema. "Kuna mambo mengine pia. Mzee, hii chupa uliitikisa?"

Alivyouliza, nilisikia kama ananiuliza kama nimeiba.

"Hapana."

"Hata kidogo? Naona povu."

"Nimesema hapana. Mimi ni mtoto?"

"Basi," mwenyekiti akasema, "tumemaliza." Akaanza kuandika.

Nilitazama ile kalamu. Nikajua nimejifungia mlango mwenyewe. Nikiendelea kunyamaza, mimi ni mzee wa dawa iliyolala. Nikisema, mimi ni mzee mwongo. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye ukosi wa shati.

"Niliitikisa," nikasema. "Tangu nyumbani. Naitikisa kila siku."

Kalamu ikasimama. "Na mitungi yetu?"

"Mitungi hata zaidi. Naitikisa, halafu inapanda pikipiki na ile barabara yenu."

"Na mbona ukakataa saa hii?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa unaandika."

Msichana hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema protini ikitikiswa mpaka ikatoa povu inajikunja vibaya na kugandana. Akauliza kama nina mbegu. Mimi sitembei bila mbegu. Nikaponda chache kwenye kinu chao kidogo cha kauri, nikatia maji, nikakoroga taratibu kama mtu anayembembeleza mgonjwa, kisha yeye akachuja.

Kifuniko kikafungwa. Mwenyekiti alisogeza kiti karibu na skrini mpaka msichana akamwomba asipumulie meza.

Kilima cha kushoto kikainuka. Tukaendelea kungoja ule upande wa kulia. Ukabaki chini, mstari mtupu.

"Haikuwa imelala," mwenyekiti akasema.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia pia hukuitikisa."

Akafunga daftari, akasema kuanzia wiki hiyo nitakuwa nasagia pale pale Kalama, kando ya tangi, kamati ikiwa imesimama inatazama. Hakuna mtungi, hakuna pikipiki, hakuna neno langu.

Mtu wa umri wangu kusimamiwa na watoto. Niliuma meno nikamwuliza siku gani.

"Jumanne. Na uje mapema, mzee."